Tambi tamu za asubuhi zilipomfikisha mke wangu kizimbani

Msomaji mpendwa, kabla hujageuza ukurasa, hebu jiulize swali dogo. Leo umefungua kinywa kwa nini? Huenda ni chai na mkate uliopakwa siagi. Huenda ni uji. Huenda ni kiporo cha jana kilichopashwa moto, na hakuna aibu katika hilo. Sasa jiulize la pili: ukilala kwa watu, na kulipopambazuka ukaandaliwa kitu ambacho kwenu huliwa na watoto tu, au hakiliwi kabisa, je, utakila au utasingizia kwamba tumbo linakuuma?

Swali hili si la mzaha. Nyumbani kwangu lilitia ufa baina ya mke wangu na wifi yake, na nusura limtenge na mkwewe.

Mimi ni mtu wa Magharibi, mzaliwa wa Kakamega. Mke wangu ni mzaliwa wa Mombasa. Tumekaa Nairobi miaka mingi na tumeelewana katika mambo mazito ya nyumba: karo, kodi na malezi ya watoto. Hata meza ya asubuhi tuliipatia mwafaka zamani. Siku za kazi ni chai na mkate, kwa kuwa kila mmoja anakimbilia matatu. Jumamosi ni zamu ya Bara: viazi vitamu au nduma. Jumapili ni zamu ya Pwani, na hapo ndipo mama watoto huonyesha alikotoka. Atapika vitumbua, mahamri kwa mbaazi za nazi, au tambi za sukari. Watoto wetu, ambao wana babu kule na babu huku, hula vyote bila kuuliza maswali.

Mnamo Agosti 2018, babangu mzazi alikuja kututembelea. Mzee huyu amekuwa mkulima wa miwa tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka wa 1973, na si mtu wa kupenda miji. Alikuja kwa sababu moja tu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, nasi tukamtafutia nafasi katika kliniki ya macho siku ya Alhamisi.

Alifika Jumamosi jioni. Baada ya kula, mke wangu alimwambia binti yetu aliyekuwa kidato cha pili, "Mwanangu, nitolee mbuzi tuanze mapema." Mzee aliyekuwa sebuleni akasikia. Uso ukamnawiri. "Hamkuwa na haja ya kujitia gharama hiyo yote kwa ajili yangu," aliniambia, ingawa sauti yake haikuwa ya mtu anayekataa. Dakika chache baadaye alimwona mjukuu wake amekalia kibao chenye ulimi wa chuma wenye meno, anakuna nazi. Huyo ndiye mbuzi wa Pwani, hali nyasi wala hasemi mee. Mzee alicheka sana, lakini nilimwona akiyapunguza matumaini yake ya kesho.

Kulipokucha, nyumba nzima ilinukia iliki. Kwa wasiozijua tambi hizi, nitaeleza. Ni zile nyembamba kama nyuzi, wala si zile nene ambazo sisi wa Bara tumezoea kuzilia nyama ya kusaga. Huvunjwavunjwa, zikakaangwa kwa samli au mafuta hadi zigeuke rangi ya dhahabu. Kisha hutiwa tui la nazi, sukari, iliki iliyopondwa na zabibu kavu, zikafunikwa kwa moto mdogo mpaka zinywe tui lote na kuchambuka moja moja. Mke wangu alizipakua kwenye sinia, akampigia mkwewe magoti kidogo na kusema, "Shikamoo, baba. Karibu staftahi."

"Mzuri sana, mama," Mzee akajibu, kama alivyojibu miaka yote hiyo.

Alionja kijiko cha kwanza. Akanyamaza. Akaonja cha pili, kisha akaweka kijiko chini taratibu kama mtu anayeweka yai. Kwetu, baba mkwe na mkaza mwana wana staha yao, hawaambiani kila kitu ana kwa ana. Kwa hiyo alisubiri mke wangu arudi jikoni, akaniinamia sikioni.

"Kijana wangu, usimgombeze. Lakini nadhani mkeo ametia sukari mahali pa chumvi."

Nilimweleza kwamba ndivyo zinavyopikwa. Alinitazama kama ninayemfanyia dhihaka. "Sukari ni ya chai," alisema, kwa uhakika wa mtu aliyeikuza miwa maisha yake yote. Kisha akavuta kikombe chake cha chai, akatia vijiko vinne vya sukari, akakoroga, akanywa na kipande cha mkate mkavu. Hakuna aliyevihesabu vijiko vile siku hiyo. Ningevihesabu, msomaji, pengine kisa hiki kingekuwa kifupi.

Sahani ya tambi ilirudi jikoni ikiwa imejaa. Mke wangu hakusema neno mbele ya watu. Tulipobaki wawili ndipo alipotoa lililomkaa moyoni. "Tambi kwetu ni chakula cha Idd," aliniambia. "Sikumpikia baba chakula cha watoto. Nilimpikia chakula cha sikukuu."

Hapo nilielewa kitu ambacho sikukielewa katika miaka yote ya ndoa. Pwani, vyakula vingi vitamu vimefungamana na heshima na ibada. Jua linapotua mwezi wa Ramadhani, utavikuta kwenye futari: kaimati zilizoviringishwa katika shira, ndizi mbivu zilizopikwa kwa tui na iliki, viazi vitamu vya nazi. Idd ikifika, tambi huandaliwa kwa wageni. Mtu akikupa sahani tamu asubuhi, anakwambia kwamba siku uliyokuja ni siku kubwa. Mzee alikuwa ameirudisha sikukuu jikoni bila kujua.

Wala hakuwa wa kwanza kukosea katika familia yetu. Miaka mingi nyuma, mke wangu alipofika Kakamega akiwa bibi arusi, alipewa jogoo ampike. Alimpika vizuri kwa bizari na tui, lakini firigisi akaikata vipande akampa mtoto aliyekuwa akilia mlangoni. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma. Shangazi zangu walishika vichwa. Aliyezima moto siku hiyo alikuwa mzee huyu huyu, aliyesema kwamba mgeni hakosi, bali hajaambiwa.

Jumatatu mke wangu alijaribu tena. Aliamka alfajiri kusukuma mahamri, ule unga wa ngano uliokandwa kwa tui, sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke, ukakatwa pembe tatu na kutumbukizwa katika mafuta hadi ufure. Pembeni aliweka mbaazi zilizochemshwa zikaiva, kisha zikatiwa kasimile, lile tui zito la kwanza, na chumvi. Kule Mombasa hii ndiyo asubuhi yenyewe. Wapo watu wasiohesabu kuwa kumekucha kabla ya kupata mahamri mawili na kibakuli cha mbaazi.

Mzee aliliuma hamri moja, akalikuta tamu. Akaonja mbaazi, akazikuta zina chumvi. "Sasa hivi viwili vinaliwaje pamoja?" aliniuliza kwa mnong'ono. "Mtu anachagua kimoja." Akala mbaazi peke yake kwa mkate, hamri akaliacha. Na chai yake ilikuwa ile ile ya vijiko vinne.

Msomaji wa Bara asije akacheka kabla ya kujitazama. Nchi yetu hii ndogo ina asubuhi nyingi. Katika ploti tunamokaa, jirani wa kulia ni mtu wa Nyeri, na kwake ni nduma au ngwaci, yaani viazi vitamu, pamoja na chai ya maziwa. Wa kushoto ni mtu wa Siaya. Wao hunywa nyuka, uji wenye ukakasi kidogo, na pengine nyoyo, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Wa juu ametoka Machakos, naye huita chakula kama hicho isyo na hukiteremsha kwa chai. Ukifika kwa Wasomali pale Eastleigh utakuta anjera, mkate laini wenye vitundu juu kama sega la asali. Huwekwa bakulini, ukapakwa samli au mafuta ya simsim, ukanyunyiziwa sukari, wengine wakaumwagia chai juu yake. Mtu wa Pwani anaweza kuushangaa vile vile Mzee alivyozishangaa tambi.

Na tukivuka mipaka, mambo ni yayo kwa yayo. Dar es Salaam utawaona watu wazima saa moja asubuhi wameinamia bakuli la supu ya moto, chapati mkononi. Kampala wana katogo, matoke yaliyopikwa sufuria moja na matumbo, maharagwe au njugu. Wajapani wa mila ya zamani huanza siku kwa wali, samaki na supu. Waholanzi nao huchukua mkate, wakaupaka siagi, wakaunyunyizia punje za chokoleti hadi mkate usionekane. Wanaokula hivyo si watoto peke yao, hata wazee wenye mvi wanaoelekea kazini hula. Waingereza, waliotufundisha mkate wa siagi, hula asubuhi maharagwe ya mkebe yaliyopikwa kwa mchuzi wa nyanya uliotiwa sukari. Kumbe hata wao huchanganya utamu na maharagwe, ila hakuna aliyewaambia wachague kimoja.

Kwa nini basi Pwani utamu ukaingia sahanini, na Bara ukabaki kikombeni? Jibu liko katika pepo na udongo. Pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na pepo za kusi zikayarudisha. Yalikuja na tende, na iliki, na mbaazi, na namna za kupika. Mnazi nao unapenda joto la bahari, haustahimili baridi ya milimani. Mpishi wa Lamu au Mombasa alikuwa na nazi mlangoni na viungo bandarini. Mpishi wa Kakamega alikuwa na mtama, wimbi, na baadaye mahindi. Kila mmoja alipika alichonacho, na watoto wake wakakiita chakula cha kweli.

Ama hiyo chai ya sukari ambayo Mzee aliiona kuwa mila ya mababu, ni mgeni wa juzi. Michai ya kwanza nchini ilipandwa Limuru mwaka wa 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakafuata katika miaka ya 1920. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza mwaka wa 1922, na cha Ramisi kule Kwale mwaka wa 1927. Babu yake Mzee hakujua chai. Asubuhi yake ilikuwa uji au viazi, na maziwa kama ng'ombe amekamwa. Hivyo tunapoapa kwamba kitu fulani ni desturi yetu na kingine ni kioja, mara nyingi tunatofautisha tu kilichotufikia mapema na kilichochelewa njiani.

Haya yote niliyajua kwa kusoma. Mzee aliyapata kwa njia fupi zaidi, kutoka kwa mjukuu wake.

Ilikuwa Jumanne jioni. Binti yetu alikuwa nyumbani kwa likizo, na alipewa shuleni kazi ya kuandika insha kuhusu vyakula vya asili. Akaketi miguuni pa babu yake na daftari.

"Babu, ulipokuwa mdogo mlikuwa mkila nini asubuhi?"

"Mushenye," Mzee akajibu, na macho yale yenye ukungu yakang'aa. "Mamangu alichemsha maharagwe, akachemsha viazi vitamu, akaviponda pamoja kwa mwiko mpaka vishikane. Hicho ndicho chakula. Ukila mushenye asubuhi, unalima hadi saa nane."

Mtoto akaandika, kisha akainua kichwa. "Babu, viazi vitamu si vina sukari? Na maharagwe si mlitia chumvi? Hiyo si kama mahamri na mbaazi?"

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Akanitazama mimi, nami nikatazama dari. Mwishowe akacheka mpaka akakohoa. "Huyu mtoto mtampeleka kusoma sheria," alisema. Jikoni nilisikia mke wangu naye akicheka, cheko la kwanza tangu Jumapili. Nikadhani mambo yamekwisha.

Kumbe yalikuwa ndiyo yanaanza.

Alhamisi tulimpeleka Mzee kliniki. Daktari wa macho alimwangalia kwa muda mrefu, halafu akauliza maswali yasiyohusu macho. Je, husikia kiu sana? Mzee akakubali. Huamka mara ngapi usiku kwenda msalani? Nne, tano. Amepungua uzito? Suruali ilikuwa imeanza kumteleza tangu Pasaka. Daktari akamtoboa kidole, akalitazama tone la damu kwenye kijimashine, akaandika barua. Sukari katika damu ilikuwa juu sana. Alitakiwa apimwe kikamilifu maabara na aonane na daktari wa maradhi hayo siku ya pili.

Habari haina miguu lakini hufika kabla ya basi. Usiku ule dada yangu alipiga simu kutoka nyumbani. Alikuwa amekwisha kuambiwa kuhusu tambi. "Mzee ameondoka hapa mzima," alisema kwa sauti iliyosikika chumba kizima. "Siku tano tu kwenu, na amepatikana na sukari. Mnampikia sukari asubuhi, mnatarajia nini? Mwambie mkeo vyakula vyake vya Kiswahili aviweke kando, atatuulia baba."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo. Alisikia kila neno.

Hakulia, wala hakujibu kwa simu. Aliweka beseni chini, akasema polepole, "Mamangu ana sukari miaka mingi sasa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimdunga sindano kabla ya kuolewa na ndugu yangu kunipokea. Sisi Pwani tunaijua sukari kuliko anavyodhani wifi yangu. Lakini sawa." Ijumaa asubuhi mezani palikuwa na chai ya rangi na mkate mkavu, basi. Hakupika kitu kingine. Watoto walikula kimya kama walio matangani.

Nami, nikiri kosa langu, sikumtetea. Moyoni nilikuwa na shaka. Nilijiuliza kama dada yangu hakuwa na haki. Sahani ile ya tambi niliiona mbele yangu, inang'aa kwa sukari, na nikasahau kwamba Mzee aliila vijiko viwili tu.

Aliyetuamulia ni daktari wa pili. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na karatasi ya maabara mkononi. Alitueleza kwamba kuna kipimo cha sukari ya wakati ule ule, nacho hubadilika kwa chakula cha asubuhi hiyo. Lakini kuna kipimo kingine. Sukari inapozidi katika damu hushikamana na chembe nyekundu, na chembe hizo huishi kwa muda wa siku 120 hivi. Kwa kuzipima, daktari huona hali ya sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita.

"Mzee amekaa Nairobi siku ngapi?" akauliza.

"Sita," nikajibu.

"Basi haya si ya Nairobi. Haya ni ya muda mrefu. Pengine ya miaka." Akaongeza kwamba kisukari cha aina hii hakiletwi na sahani moja wala na kijiji kimoja. Ukoo huchangia, na uzito, na umri, na kukaa bila kazi ya mwili, na mazoea ya kila siku ya chakula na kinywaji. Kisha akamgeukia Mzee. "Baba, chai unakunywaje?"

Mzee alisema kweli kama kawaida yake. Kikombe cha alfajiri, cha saa nne, cha saa kumi, na cha jioni. Vijiko vinne kila kikombe.

"Vinne mara vinne," daktari akasema. Hakumalizia. Mzee mwenyewe, aliyezoea kupigia hesabu tani za miwa, alimalizia: "Kumi na sita."

Daktari akatueleza kwamba mnamo 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji isizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu anazopata mtu kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama vijiko 12 vya chai, na ikipunguzwa hadi sita ni bora zaidi. Ushauri huo ni wa watu wazima wa afya. Mzee alikuwa amevuka mpaka kabla ya kugusa chakula chochote, na miaka yote hiyo alijihesabu kuwa mtu asiyekula vitu vitamu.

Jioni ile nilimwomba mke wangu anielezee kipimo cha tambi zake. Alitia nusu kikombe cha sukari kwa sinia nzima, ambayo kwa kijiko cha chai ni kama vijiko 24. Tulikula watu sita, maana yake ni vijiko vinne kila mmoja. Sahani moja ya tambi na kikombe kimoja cha chai ya Mzee vilikuwa ndugu wa tumbo moja! Tofauti ni kwamba tambi hupikwa Jumapili moja na kupishana na vitumbua Jumapili nyingine, lakini kikombe kilikuja mara nne kwa siku, siku zote za mwaka, na hakuna aliyekishtaki.

Sisemi tambi hazina lawama. Daktari alituambia wazi kwamba unga wa ngano wenyewe hugeuka sukari tumboni, na mahamri hubeba mafuta pia. Mtu mwenye kisukari hawezi kuvila kama kijana anayecheza kandanda. Lakini alitwambia pia kwamba ndivyo ilivyo kwa mkate mweupe tunaouona chakula cha hivi hivi, na kwa mlima wa ugali pia. Mbaazi, akasema, ni chakula kizuri kwa Mzee, na mushenye anaweza kula kwa kiasi.

Mzee ndiye aliyepiga simu kwa dada yangu. Nilikuwa kando, nikamsikia. "Mwache mke wa ndugu yako. Huyu hana kesi. Mwenye kesi ni kikombe changu, nacho nimekihukumu." Baadaye dada yangu alimpigia mke wangu. Sijui waliambiana nini, kwa kuwa alitoka nje na simu, lakini aliporudi alianza kuloweka mchele wa vitumbua.

Jumapili ya pili ilipofika, Mzee alimwita mjukuu wake, kwa ile staha ya kwetu, akamtuma jikoni. "Mwambie mama yako, kama anapika zile zake za sikukuu, anitilie kidogo kwenye kisahani cha kikombe. Na chai yangu iwe kavu." Mke wangu alizipika kwa sukari nusu ya ile ya kwanza, iliki akaizidisha. Mzee alikula kile kisahani chote, akakifuta kwa kijiko, akasema kwa sauti iliyofika jikoni, "Asante, mama. Leo nimekula Idd."

Msomaji, nimekueleza haya kwa kuwa najua nyumba kama yangu ni nyingi mjini. Najua pia wanafunzi wanaoingia shule za bweni mbali na kwao na kukutana na uji usio na sukari, au maharagwe yenye wadudu wawili watatu, na kuwaona wenzao kuwa watu wa ajabu kwa vile wanavyokula. Ukiona sahani usiyoizoea, uliza kwanza inaliwa lini na kwa nini. Huenda umepewa sikukuu ya mtu. Na ukitafuta utamu unaodhuru, usianzie kwenye sahani ya mgeni. Anzia kwenye kikombe chako, hesabu vijiko vyako kwa siku moja tu, bila kudanganya. Na ukiona kiu isiyoisha, kuamka usiku mara kwa mara au macho kuingia ukungu, usingoje hadi suruali ianze kuteleza. Kapime.

Mzee alirudi Kakamega na dawa zake, karatasi ya chakula kutoka kwa daktari, nazi nne, na zawadi kutoka kwa mkaza mwana wake. Mamangu anatuambia kwamba siku hizi mushenye wa kule nyumbani hupikwa kwa tui, na kwamba majirani huja kuuonja. Mzee naye huwasimulia safari yake. "Nairobi," huwaambia, "mke wa mwanangu alinipa mbuzi." Wakimuuliza yuko wapi, huingia jikoni na kuwatolea kile kibao.